Krapi wa Julai

Binti yangu Neema,

Shikamoo yako niliipokea kwenye simu, na hapa naiitikia tena: marahaba, mwanangu. Uliniambia wiki ijayo wewe na wenzako mnakwenda kuvua krapi, wale samaki wa ziwani, huko Lake of the Ozarks, jimbo la Missouri, Marekani, na kwamba watu wamewakatisha tamaa, eti Julai ziwa lile ni la kelele tu na krapi walishavuliwa majira ya machipuko. Sikubaliani nao hata kidogo.

Kelele zipo, sikatai. Ziwa lile lilitokana na bwawa la Bagnell kuziba mto Osage, likakamilika mwaka 1931, na leo ufuo wake wa zaidi ya kilomita 1,800 umejaa nyumba na magati. Jumamosi mchana boti kubwa na pikipiki za majini huyavuruga maji mpaka mwenye boti ndogo hawezi kutulia. Lakini krapi hawana pa kuhamia. Hubadilisha kina na saa, nanyi fanyeni hivyo hivyo. Nendeni Jumanne au Jumatano mkiweza.

Wakati wa kutaga huwa karibu na ufuo. Joto likizidi hushuka, ila si mpaka chini kabisa, kwa sababu kiangazi tabaka la chini la maji huishiwa hewa. Hata ziwa letu la Tanganyika, ukishuka sana hukuti samaki, na sababu ni hiyo hiyo. Basi anzeni na pima mbili au tatu, kwenye kivuli cha gati lililo penye kina, au juu ya matawi ya mierezi ambayo wenye nyumba huyazamisha ili samaki wapate maficho. Krapi hula akitazama juu. Chambo kikipita chini yake hahangaiki nacho. Kishikilie juu yake kidogo, kikiwa kimetulia, naye atapanda. Mdomo wake ni laini kama karatasi, kwa hiyo usiukung'ute ufito. Uinue tu.

Sasa nije kwenye usiku, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mimi nimekulia Kigoma, ambako wavuvi wa dagaa hutoka giza likiingia na taa ndizo zinazowaita samaki. Huko Missouri ni taa ya kijani inayoshushwa majini, na kazi ni ile ile. Vijidudu huja kwanza, visamaki huvifuata, kisha krapi hujipanga chini, pale mwanga unapokutana na giza. Shusha mshipi hapo pembeni, usiutupe katikati ya mwanga. Chagueni usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, ndiyo maana wavuvi wa kwetu siku hizo hushona nyavu.

Jambo hili nakusisitizia. Krapi aliyevutwa kutoka kina kirefu wakati maji yana joto mara nyingi hufa hata ukimrudisha. Wadogo sheria inataka warudishwe, kwa hiyo mkiona mahali pana wadogo watupu, ng'oeni nanga mwende kwingine. Mkishapata wa kuwatosha, kunjeni mishipi. Kuendelea kuwavuta na kuwaachia kwa raha tu ni kuwaua bure, na mimi silipendi hilo. Mliowabakiza watieni kwenye barafu hapo hapo; nyama yake ni nyeupe na laini, huharibika upesi.

Mkitia nanga usiku, washeni taa nyeupe inayoonekana pande zote, na kila mtu avae jaketi la kujiokolea, hata anayejua kuogelea. Boti za mbio hazilali mapema kule. Gati la mtu msilifungie kamba bila ruhusa yake. Na kibali cha kuvulia usikiache nyumbani: umeshapita miaka 16, kwa hiyo wewe na wenzako kila mmoja awe na chake.

Mama yako ameshanunua ndimu. Niambie mtarudi siku gani.

Baba yako