Mwanangu akicheka, mimi naangalia saa

Shangazi, salaam kutoka Busia, upande wa Uganda.

Naandika usiku huu watoto wakiwa wamelala, maana mchana nauza mitumba Sofia na huko hakuna siri. Nina ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Niligunduliwa mwaka 2017, baada ya kukesha siku tatu mfululizo na kuwagawia wapita njia belo mbili za nguo nilizochukua kwa mkopo, huku nikicheka kama bibi harusi. Mume wangu ndiye aliyenipeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala. Tangu hapo nameza dawa, saa tatu usiku niko kitandani hata jirani awe na harusi, na huu ni mwaka wa tatu sijalazwa. Deni la zile belo nimelimaliza juzijuzi tu.

Kwa hiyo siandiki kwa ajili yangu. Ni kijana wangu wa pili, ana miaka sita, mwakani anaanza darasa la kwanza.

Jumapili moja nilimnunulia roleksi, ile chapati ya kuviringisha na mayai. Dada yake akaomba kidogo, nikaikata katikati. Lo! Alijitupa chini, kikombe akakirusha ukutani, akamng'ata dada yake begani mpaka meno yakahesabika. Nikasema nitanunua nyingine. Hakutaka nyingine, alitaka ile ile irudi kuwa nzima. Alilia karibu dakika arobaini. Kisha akaja mwenyewe akalala mapajani mwangu, shati limelowa jasho, akaniuliza kesho ni siku ya uji au ya chai shuleni.

Hayo hutokea mara mbili au tatu kwa wiki. Shuleni mwalimu alimpigisha magoti hadi saa ya mapumziko kwa kumsukuma mwenzake kwenye foleni. Mama mkwe yeye hana maneno mengi. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Damu haipotei."

Neno hilo, Shangazi, lilinifanyia kazi kichwani wiki nzima. Ijumaa yake, mtoto alipoanza tena kupiga mateke mlango, nilichukua kidonge changu cha karbamazepini, kile cha miligramu 200, nikakikata kwa kisu cha nyanya, nikasaga robo kwenye kijiko na kutia asali. Nilimfikishia kijiko mdomoni. Akanusa, akasema, "Mama, hii ni dawa yako." Nikaimwaga uani, nikaenda kulia chooni.

Jumatatu nilimweleza daktari wa kliniki ninayemwona kila mwezi. Hakunigombeza, lakini alikaza sauti: hiyo dawa inaweza kuharibu ngozi vibaya sana na kushusha chembe nyeupe za damu, na mtoto hapewi bila kupimwa na kuandikiwa. Halafu akanifundisha mambo ambayo kumbe sikuyajua, pamoja na miaka yote hii ya ugonjwa. Kwamba kati ya watoto kumi wa mzazi mmoja kama mimi, ni mmoja hivi anayekuja kuupata. Kwamba mara nyingi unaanza ujanani, si utoto wa chekechea. Kwamba kule kupanda kwenyewe kwa hisia kunashika wiki nzima au zaidi, mtu anabadilika asifanane na yule mnayemjua, halali na wala hachoki. Hasira inayowaka kwa sababu ya chapati na kuzimika kabla ya jioni ni kitu kingine. Akaniuliza pia kama mtoto aliwahi kuugua malaria ya kichwa. Ndiyo, akiwa na miaka miwili alilazwa na degedege. Akasema hiyo nayo inaweza kumwachia mtoto shida ya tabia na ya kujifunza, kwa hiyo tusikimbilie damu ya mama.

Nilitoka pale mwepesi. Bahati mbaya nina mpwa anayesomea uuguzi, naye akanisimulia utafiti wa Marekani wa mwaka 1984: watoto wadogo wa wazazi wenye ugonjwa huu walionekana kupata taabu ya kushirikiana vitu na wenzao na ya kuzuia hasira zao. Roleksi yangu hiyo! Mpaka nilipombana akakiri kwamba watoto wenyewe walikuwa saba tu.

Nyumbani nimejaribu hivi. Akiwaka, namwondoa dada yake, nakaa naye chini kwenye mkeka, sisemi mengi, namwambia tu, "Una hasira, nimeiona." Zamani nilikuwa nampiga, na kipigo kilirefusha kilio. Nimemwekea pia saa ile ile ya kulala kila siku, na kwa kweli siku aliyolala vizuri huwa na amani zaidi. Mzee wangu, ambaye ni dereva wa lori na yuko nyumbani siku nane kwa mwezi, anasema namdekeza.

Lakini siyo hasira inayoninyima raha. Juzi usiku alivaa shuka mgongoni, akawa basi la Kampala, anapiga honi na kupakia abiria, yaani dada yake na mito miwili. Alicheka mpaka akakosa pumzi. Nami nikajikuta nimeshika simu, naangalia saa: amecheka dakika ngapi? Analala lini? Akasimamisha basi lake. "Mama, kwa nini nikicheka unaangalia simu?"

Sikuwa na jibu, na hakuendelea na safari.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji. Nimwambie mwalimu wa darasa la kwanza kuhusu ugonjwa wangu, au nitakuwa nimembandika mtoto jina kabla hajafundishwa herufi? Nani kati yenu amewahi kumlinda mtoto bila kumfanya ajione anachunguzwa? Na nyinyi mliolelewa na mzazi kama mimi: mlitaka mwambiwe nini, na mkiwa na umri gani? Maana kidonge ameshakijua kwa harufu.

Ni mimi,
Mama wa Dereva Mdogo, Busia