Taarifa za kimbunga zifike hadi dagoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa mwambao wa kusini tumelipitia na ambalo naona limeanza kusahaulika, nalo ni namna habari za kimbunga zinavyotufikia na namna tunavyozipokea.

Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia, Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, sisi hapa Kilwa tulikuwa tumekwisha kuzisikia habari zake, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine na redio zikizirudia. Pamoja na hayo, shemeji yangu na wenzake watano walikuwa dagoni, yaani kwenye kambi ya muda ya wavuvi, katika kisiwa ambako simu haishiki mtandao mpaka mtu apande jiwe moja la upande wa magharibi. Hawakupata taarifa yoyote. Walichokiona ni mawimbi marefu, mazito, yakija kutoka mashariki ilhali upepo wenyewe haujafika, na mawingu ya juu yakienda kinyume na yale ya chini. Nahodha wao, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyatazama kwa muda, akaamuru watweke tanga Ijumaa ile ile alasiri, samaki waliokuwa hawajakauka wakaachwa juu ya uchanja. Walifika dikoni, yaani pwani ambako vyombo vya uvuvi hutia nanga na kupakua samaki, usiku na kuivuta ngalawa hadi kwenye minazi. Kulipopambazuka baada ya usiku wa Jumamosi, ndoo niliyoiacha uani ilikuwa imejaa maji ya mvua zaidi ya nusu, na haukupita muda tukasikia kwamba barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga.

Namshukuru Mungu kwa nahodha yule, lakini maisha ya watu sita hayapaswi kutegemea macho ya mzee mmoja.

Lipo na jambo la pili, ambalo linanisumbua zaidi. Siku ile dikoni wapo waliozisikia taarifa vizuri na bado wakakataa kuvuta vyombo vyao, wakisema wametishwa bure mara nyingi. Walikumbusha Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, ambapo wenzetu wa Mtwara walihamishwa makwao na kimbunga kisiwapige, na Kimbunga Jobo cha Aprili 2021, kilichofifia kabla ya kufika pwani. Sikuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyerudi kuwaeleza kilichotokea. Kenneth hakikuwa uongo: kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kimbunga hulishwa na joto la bahari, na kikikutana na hewa kavu au pepo za juu zinazokinzana hupoteza nguvu au hupinda njia, pengine saa chache tu kabla ya kufika. Mvuvi anayebadilisha tanga kila upepo unapogeuka atalielewa hili upesi, alimradi aelezwe kwa lugha yake.

Wengine husema kwetu hakuna vimbunga. Ni kweli kwamba ni vichache, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayozizungusha pepo hizo ni ndogo mno. Lakini Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikaangushwa shamba kwa shamba, na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Vyote viwili, pamoja na Hidaya, vilikuja majira ya tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijatulia, wakati ambao wengi wetu tunaiamini bahari na kwenda dago.

Kwa hiyo naomba halmashauri zetu za pwani, kwa kushirikiana na kamati za madiko, ziweke redio ya upepo, ile ya kuzungumza pande mbili bila mtandao wa simu, katika kila kambi kubwa ya dago na bendera ya tahadhari katika kila diko. Taarifa nazo zitaje madiko kwa majina badala ya kuishia kwenye majina ya mikoa, ziseme taarifa inayofuata itatoka saa ngapi, na zitofautishe kimbunga cha baharini, ambacho upana wake ni mamia ya kilomita, na chamchela inayoezua makuti ya nyumba tatu na kupita, maana siku hizi vyote tunaviita kimbunga. Kimbunga kikishapita, au kikipinda, mtaalamu aje dikoni na ramani ya njia kiliyopita, akae na wavuvi.

Kwa upande wetu tunaweza kuandika. Tangu Hidaya, mimi na vijana wawili wa hapa dikoni tunaandika katika daftari, asubuhi na jioni, upepo unakotoka, hali ya wimbi na kimo cha mvua katika kopo tulilolitia alama kwa rula. Nakala tutampa mtaalamu yeyote atakayeihitaji.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kilwa Kivinje