Kwa Nini Hatumwagi Dawa Kabla ya Kusugua Tangi

Mteja mmoja wa Ngamiani, Tanga, alituita sisi wasafishaji wa matangi mwanzoni mwa masika akitaka jambo moja tu: tumwage klorini ndani ya tangi lake la lita 2,000, tuchukue fedha yetu, tuondoke. Tulipofunua mfuniko, uliokuwa na ufa wa upana wa kidole, tulikuta ukuta unaopigwa na jua umevaa utando wa kijani, na kijana wetu alipoupitishia kidole, kiliteleza kana kwamba kimechovywa kwenye mlenda. Tulimweleza kwamba hatuanzi na dawa, naye hakufurahi, kwa kuwa kusugua kuna gharama yake. Sababu tulizompa siku ile ndizo tunazowaandikia hapa.

Utando ule si mwani wanaoulima akina mama wa pwani yetu. Ni viumbe wadogo mno waitwao sianobakteria, ambao kwa mazoea huitwa mwani wa kijani-buluu. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na wengi wao hujifunika kwa ute. Ute huo ndio unaotuhusu, kwa kuwa unaweza kuficha vimelea vya kipindupindu. Vimelea hivyo vikibaki katika maji matupu hukosa chakula na kudhoofika, lakini vikipenya ndani ya ute hupata chakula, hupata oksijeni ambayo mwani huitoa mchana, na hupata mahali pa kujificha. Vina hata kimeng'enya cha kuyeyushia ute, kwa hiyo mlango si tatizo kwao. Mtafiti Sirajul Islam wa Bangladesh na wenzake walionyesha, katika makala waliyochapisha mwaka 1990, kwamba vimelea hivyo viliendelea kuishi ndani ya ute wa mwani uitwao Anabaena variabilis kwa miezi 15.

Jambo linalosumbua zaidi ni kwamba vikiwa humo vinaweza kuingia katika hali mfano wa usingizi: vi hai, lakini vikioteshwa maabara kwa njia ya kawaida havioti. Mtaalamu wa Marekani Rita Colwell na wenzake waliieleza hali hii tangu miaka ya 1980. Ndiyo maana cheti kinachosema maji ni salama hakitufanyi tuache kuutazama ukuta wa tangi.

Hata hivyo, mwani hauzai kipindupindu. Ni lazima vimelea viletwe, kwa mfano na choo cha shimo kilichofurika mvua zikapeleka uchafu kisimani, au na ndoo iliyochotea maji machafu. Visima vifupi vya karibu na bahari, vyenye maji ya chumvi kidogo, havina kinga yoyote, kwani vimelea hivi huivumilia chumvi hiyo vizuri. Matangi mengi ya kijani hayana kipindupindu kabisa, na fundi anayewaambia vinginevyo anawauzia hofu.

Klorini ikimwagwa juu ya utando hutumika kuunguza ute na uchafu wa juu, na nguvu yake huisha kabla haijafika chini. Kwa hiyo tunamwaga maji yote, tunasugua kuta, sakafu na kingo za mfuniko kwa brashi ngumu, tunasuuza, ndipo tunajaza maji yenye gramu 80 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwa kila lita 1,000, tukifungua kila bomba mpaka harufu ya klorini isikike hapo bombani. Maji hayo hukaa saa 24 bila kunywewa, kisha humwagwa na tangi kujazwa upya.

Wateja huuliza kama kuchuja kwa kanga kunasaidia. Kunasaidia kwa kiasi: huko Matlab, Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa takribani nusu, kwa sababu vimelea vingi hupanda juu ya vidudu vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Vinavyoelea peke yake hupita, hivyo maji ya kunywa bado yachemshwe.

Mteja wetu wa Ngamiani alikubali kusuguliwa tangi, ila mfuniko mpya alisema ataununua mwisho wa mwezi. Mwani hauoti gizani, basi tukaufunika ufa kwa kipande cha turubai jeusi na kamba, bila malipo.