Mhariri, hakuna "jeni ya uaminifu"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha makala kuhusu vinasaba na tabia za wanyama, chini ya kichwa cha habari kilichotangaza kwamba wanasayansi wameipata "jeni ya uaminifu", yaani kinasaba kimoja kinachoamua kama mtu atakuwa mwaminifu kwa mwenzi wake. Ndani ya makala mlikuwamo mambo mengi ya kweli. Kichwa chenyewe si cha kweli, na kimemuumiza mtoto ninayemlea.

Ni binti wa dada yangu, yuko sekondari. Baba yake aliondoka nyumbani yeye akiwa bado ananyonya, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Jumamosi alinikuta kwenye banda la njiwa nikiwabadilishia maji, akanionyesha ukurasa wenu kwenye simu. "Mjomba, kwa hiyo na mimi nimeikosa kama baba?" Nimefundisha baiolojia miaka 31 na nimeulizwa mengi darasani, ila swali hilo lilinifanya niiweke ndoo chini.

Nilianza na panya, maana habari yote ilianzia kwao. Katika mbuga za Marekani Kaskazini kuna panya wadogo, kitaalamu Microtus ochrogaster, ambao dume na jike hukaa pamoja, hujenga kiota kimoja na kulea watoto kwa kushirikiana. Ndugu zao wa karibu, panya wa majanini, hawafanyi hivyo; dume akishapanda jike, huenda zake. Aina zote mbili zina vasopresini, ambayo ni homoni, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini. Kinachotofautiana ni mahali vipokezi vya homoni hiyo, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vilipo ndani ya ubongo. Mwaka 2004 kundi la mtafiti Larry Young, huko Atlanta, Marekani, lilitumia kirusi kama mbebaji kuingiza jeni ya kipokezi hicho katika sehemu moja ya ubongo wa madume wa panya wa majanini. Kisha kila dume aliwekwa kwenye kizimba chenye vyumba vitatu, jike aliyemzoea upande huu na jike mgeni upande ule. Madume wale, ambao kwa kawaida hawajali, walikaa zaidi wakijibana na jike waliyemzoea.

Ni utafiti mzuri na niliufundisha kwa furaha. Lakini makala yenu iliishia hapo, kana kwamba hakuna kilichotokea baadaye. Mwaka 2023 watafiti Devanand Manoli, Nirao Shah na wenzao wa California walichapisha kazi ambayo ilipaswa kubadilisha kichwa chenu cha habari. Safari hii waliangalia kipokezi cha oksitosini, homoni ambayo kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ndiyo gundi ya mapenzi ya panya wale. Dawa za kuzuia kipokezi hicho zilikuwa zimeonyesha kwamba bila hicho, mshikamano wa dume na jike hauundiki. Wao waliizima jeni ya kipokezi hicho, hata panya wakazaliwa bila kipokezi hicho kabisa. Panya wale wakakua, wakachagua wenzi na kushikamana nao kama kawaida. Majike walizaa na kunyonyesha, ingawa watoto wao waliofikia kuachishwa ziwa walikuwa wachache zaidi. Yaelekea mwili ukikosa njia moja tangu mwanzo hutengeneza nyingine, ilhali dawa humkuta panya mzima ghafla, hana muda wa kujipanga. Basi ikiwa hata panya hana jeni moja ya uaminifu, tumeipata wapi kwa binadamu?

Najua mlikoipata. Mwaka 2008 watafiti nchini Sweden waliwachunguza mapacha pamoja na wenzi wao, wakaona kwamba wanaume wenye namna fulani ya jeni ya kipokezi cha vasopresini walieleza, kwa wastani, matatizo zaidi katika ndoa. Tofauti ilikuwa ndogo. Wastani wa mamia ya watu haumtabirii mwanamume mmoja mwenye jina na nyumba, sembuse binti yake.

Nisieleweke kuwa napuuza urithi. Mfano wenye nguvu kuliko wote ninaoujua ni shomoro koo-jeupe wa Marekani Kaskazini. Wako wa namna mbili, wenye michirizi myeupe kichwani na wenye michirizi ya hudhurungi. Mtafiti Elaina Tuttle aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 25, na mwaka 2016 yeye na wenzake walieleza kinachowatofautisha: kipande kikubwa cha kromosomu ya pili, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, kilichogeuka juu chini, chenye jeni zaidi ya 1,000 zinazorithiwa kwa pamoja. Dume wa michirizi myeupe huimba sana, hupigana sana na hutafuta majike wa wengine. Yule wa hudhurungi hukaa karibu na jike wake na kulisha makinda. Na karibu kila jozi ni ya mchanganyiko, mweupe kwa hudhurungi, hata watu wakasema ndege huyu ni kama ana jinsia nne. Hapo urithi unaonekana kwa macho, kichwani mwa ndege. Lakini hesabu tena, Mhariri: jeni zaidi ya 1,000, na gazeti lako linasema "jeni ya".

Binti yetu alisikiliza yote hayo, akasema, "Lakini ndege amezaliwa hivyo." Ndipo nikamwonyesha njiwa wangu mmoja. Ni dume mweupe, mtoto wa njiwa weupe. Mama yake alikufa yai likiwa la siku chache, nikalihamishia kwa jozi ya kijivu iliyokuwa ikiatamia. Walimwangua na kumlea. Alipofikia kutafuta mwenzi, aliwapita majike weupe wote watatu bandani, akamwendea wa kijivu, na wako pamoja hadi leo. Njiwa mmoja si ushahidi, nilimwambia hilo pia. Ila tangu miaka ya 1960 watafiti walishabadilishiana njiwa wazazi wa rangi tofauti, wakaona madume wakielekea rangi ya waliowalea.

Kuna na fisi madoa wa bonde la Ngorongoro, ambao nawapenda kwa sababu watu huwadharau bure. Mtoto wa fisi hushika cheo kilicho chini kidogo ya cha mama yake. Mtu angesema ni damu. Lakini mtoto akilelewa na jike mwingine, hushika cheo cha aliyemlea, kwa kuwa huyo ndiye anayesimama nyuma yake anapogombana. Na katika kuchagua dume je? Baba fisi halei, kwa hiyo binti hana namna ya kumjua baba yake. Mtafiti Oliver Höner na wenzake waliandika mwaka 2007, baada ya kufuatilia koo nane za bonde hilo, kwamba majike wadogo huwapendelea madume waliozaliwa au kuhamia katika ukoo baada ya majike hao kuzaliwa. Kwa kanuni hiyo tu, hawamwangukii baba. Faida yake ni ya kinasaba kabisa, kuepuka kuzaa na ndugu wa damu, na bado fisi yule hajui chochote kuhusu jeni. Anajua nani alikuwapo na nani amekuja.

Ombi langu ni hili. Chapisheni sahihisho, katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, likisema kwamba makala ilihusu jeni ya kipokezi kimoja katika ubongo wa panya, na kwamba utafiti wa 2023 juu ya kipokezi cha homoni nyingine umeonyesha mambo si mepesi vile. Neno "inachangia" halichukui nafasi kubwa kuliko neno "inaamua". Nafasi ikiwa finyu, ondoeni habari za njiwa wangu. Ya panya yaacheni yote, maana binti ananiuliza kila siku kama barua imetoka.

Mwalimu mstaafu wa baiolojia