YAH: MALALAMIKO KUHUSU DISKI MBILI NILIZOUZIWA KAMA MPYA ILHALI ZILIKWISHA KUTUMIKA

Nyegezi,
Mwanza.

2 Februari 2026

Kwa Meneja wa Duka,
Mwanza Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwalimu wa hisabati, mkazi wa Nyegezi. Siku ya Jumamosi tarehe 6 Desemba 2025 nilinunua dukani kwenu diski mbili za kompyuta (hard disk) za TB 4 kwa shilingi 320,000 kila moja, jumla shilingi 640,000, nikapewa risiti ya EFD pamoja na karatasi ya udhamini wa miezi 12 ambayo kijana wenu wa kaunta aliijaza kwa mkono wake, akaandika neno "mpya" mbele ya namba ya kila diski. Diski hizo hazikuwa mpya. Nimefika dukani mara mbili kulieleza jambo hili kwa mdomo, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba kosa ni la kompyuta yangu kwa kuwa ni ya zamani, na la Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, kwa kuwa, kwa maneno ya fundi wenu, "inakula diski". Naandika barua hii kwa sababu majibu hayo si ya kweli, na ushahidi nilio nao hauhusiani na umri wa kompyuta yangu wala na programu inayoiendesha.

Ni kweli kompyuta yenyewe ni ya zamani. Ni Dell OptiPlex 7010 yenye prosesa ya Core i5-3470, ya mwaka 2012, na niliinunua ikiwa mtumba. Mwaka jana niliiongezea ramu kutoka GB 4 hadi GB 16, na ramu hizo nilizichukua hapo hapo dukani kwenu; nakiri kwamba hazijanisumbua hata siku moja. Kazi yake nyumbani ni seva, yaani inahifadhi mafaili na kuyagawa kwa simu na kompyuta nyingine. Imekaa kwenye rafu sebuleni karibu na ruta, haina kioo wala kibodi, inawaka usiku na mchana. Ndani yake kuna picha na nyaraka za familia, mahesabu ya mke wangu ambaye anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba, masomo ya video ya Kolibri, na maktaba ya Kiwix, inayosomeka bila intaneti, yenye Wikipedia nzima ya Kiingereza, ambayo peke yake inazidi GB 100. Kila jioni watoto wa majirani, wengi wao wa kidato cha tatu na cha nne, hukaa barazani kwangu na simu za wazazi wao wakasoma kupitia waifai ya nyumbani bila kununua bando. Natamani mngewaona, kwa sababu naamini mngeelewa kwa nini siwezi kulichukulia jambo hili kama hasara ya kawaida ya sokoni.

Nilinunua diski mbili, wala si moja, kwa makusudi. Nilizifunga katika mpangilio wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Kabla ya kuziingiza kazini nilizikagua kama inavyotakiwa. Mfuko wa kila diski ulikuwa umefungwa na lebo ilikuwa safi. Kwa kutumia smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, wakati huo nikiwa bado kwenye Debian 12 (Debian ni aina mojawapo ya Linux), nilisoma kaunta ya saa ambazo kila diski imewahi kuwaka, nikaona saa 2 kwa moja na saa 3 kwa nyingine. Niliziacha usiku kucha zifanye jaribio refu la ndani, na asubuhi zote mbili zilikuwa zimefaulu. Baada ya hapo nilihamisha data zangu kutoka kwenye diski ya zamani ya GB 500. Nayataja haya ili isije kusemwa kwamba nilinunua bila kuangalia.

Tarehe 10 Januari 2026 nilipandisha seva hiyo kutoka Debian 12 kwenda Debian 13, toleo lililotoka tarehe 9 Agosti 2025. Kazi ilichukua muda wa mchana mmoja na haikuwa na tatizo. Wiki moja baadaye, Jumamosi tarehe 17 Januari, saa mbili usiku, watoto waliniita kutoka barazani wakasema kurasa zinagoma kufunguka. Nilipoiangalia seva, mahali ambapo siku zote husomeka [UU], herufi moja kwa kila diski iliyo hai, palisomeka [U_]. Diski moja ilikuwa imetolewa kwenye mpangilio kwa kushindwa kusoma: sekta 112, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilikwisha kuharibika na kazi yake kuhamishiwa kwenye sekta za akiba, na nyingine 24 zilikuwa hazisomeki kabisa. Nikajipa moyo kwamba nyingine ipo. Nilipoanza kunakili data kutoka kwenye hiyo iliyobaki, nayo ikaanza kukwama, kwa sababu ilikuwa na sekta zake mbovu ambazo hazikuwa zimejitokeza bado. Kilichoniuma zaidi ni majibu ya mitihani ya hisabati niliyoyaandika kwa mkono likizo yote ya Desemba na kuyaskani, kurasa 83 kwa jumla. Kurasa 19 hazifunguki mpaka leo, na karatasi zenyewe nilikwisha kuzigawa kwa wanafunzi.

Sasa nakuomba, Ndugu Meneja, usome kwa makini sehemu inayofuata, maana ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Kampuni iliyotengeneza diski hizi huweka ndani yake kumbukumbu ya pili ya matumizi, iitwayo FARM, ambayo ni tofauti na ile kaunta ya kawaida. Toleo la smartctl lililokuwa kwenye Debian 12 halikuwa na uwezo wa kuisoma; toleo la 7.4, lililokuja na Debian 13, linaweza. Usiku ule ule wa tarehe 17 niliisoma. Kwa diski ya kwanza, kaunta ya kawaida ilionyesha saa 968, na kumbukumbu ya FARM ikaonyesha saa 31,412. Kwa diski ya pili, kaunta ya kawaida ilionyesha saa 966, na FARM ikaonyesha saa 29,870. Kutoka tarehe 6 Desemba hadi tarehe 17 Januari ni siku 42, ambazo ni saa 1,008. Hata kama ningeziwasha dakika ile ile nilipotoka dukani kwenu na nisizizime kamwe, zisingeweza kuzidi saa hizo. Saa 31,412 ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka mfululizo. Miaka hiyo haikupita sebuleni kwangu. Ilipita mahali pengine, kabla diski hizo hazijafika mikononi mwenu au kabla hazijafika mikononi mwangu, na katikati hapo kuna mtu aliyeirudisha kaunta ya kawaida sifuri ili zionekane mpya.

Jumatatu tarehe 19 Januari niliileta dukani diski ile iliyotolewa kwenye mpangilio. Fundi wenu aliichomeka kwenye kompyuta yenye Windows, Windows ikaleta ujumbe wa kuomba diski ifomatiwe, naye akaniambia mbele ya wateja wengine kwamba huo ndio ushahidi kuwa Linux imeiharibu. Kwa heshima zote, huo si ushahidi wa chochote. Windows haitambui mpangilio wa RAID wa Linux, na ingeweza kutoa ujumbe kama huo hata kwa diski isiyo na kasoro yoyote iliyofungwa katika mpangilio huo. Nilimwomba atumie smartctl, ambayo ipo pia kwa Windows na haina malipo, asome kumbukumbu ya FARM kwa macho yake. Hakukubali. Tarehe 26 Januari niliporudi nikaambiwa kwamba udhamini wenu "hauhusu Linux". Karatasi ya udhamini ninayo hapa. Haitaji Linux, wala Windows, wala aina yoyote ya programu.

Fundi alitoa hoja nyingine mbili ambazo napenda kuzijibu, kwa sababu naona alizitoa kwa nia njema ila hazikuwa sahihi. Alisema kompyuta ya mwaka 2012 haiwezi kubeba diski ya TB 4. Mpaka anaoufikiria ni wa MBR, jedwali la zamani la kugawanya diski, ambalo kwa sekta za baiti 512 linaishia kwenye takribani TB 2. Diski zangu zimegawanywa kwa GPT, jedwali jipya zaidi ambalo halina mpaka huo, na seva yenyewe inawakia kwenye SSD ndogo iliyo pembeni. Alisema pia kwamba umeme wa Mwanza ndio umeziua. Umeme hukatika, sibishi, na ndiyo maana seva yangu iko kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ambayo huiambia ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Lakini hata tukikubali kwamba umeme ungeweza kuharibu sekta, hakuna umeme unaokatika na kuiongezea diski saa 30,000 za kufanya kazi. Alinishauri mwishowe ninunue kompyuta mpya yenye Windows 11. Mashine yangu haikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kutumia Debian, ambayo toleo lake la 13 limeacha kutoa keneli, yaani kiini cha mfumo, kwa prosesa za biti 32 lakini linaihudumia hii yangu ya biti 64 bila shida. Mashine inafanya kazi. Kilichokufa ni kile nilichokinunua kwenu.

Sina ugomvi na mtumba, na naomba jambo hili lieleweke vizuri. Kompyuta yenyewe ni mtumba, na aliyeniuzia aliniambia waziwazi kwamba ilitoka ofisini na betri ya madabodi itahitaji kubadilishwa, nikapiga hesabu yangu nikalipa bei ya mtumba. Mke wangu anasema pale Mwaloni dagaa walionyeshewa na mvua hutengwa na kuuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku, kwa bei yake, na anayenunua anajua anachonunua. Mngeniambia kwamba diski hizi zimefanya kazi takribani miaka mitatu na nusu, huenda ningechukua moja kwa bei ndogo nikaitumia kwa video ambazo zikipotea naweza kuzipakua tena, na nisingeweka kazi yangu ya likizo juu yake. Mlininyima nafasi ya kupiga hesabu hiyo.

Simshutumu mtu yeyote dukani kwenu kwamba ndiye aliyerudisha kaunta nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 habari za namna hii zilitoka Ujerumani, ambako wanunuzi waligundua, kwa kusoma kumbukumbu hii hii ya FARM, kwamba diski walizouziwa kama mpya zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa. Inawezekana kabisa kwamba nanyi mlidanganywa na aliyewauzia. Hata hivyo mimi sikununua kwake. Nilinunua kwenu, na neno "mpya" limeandikwa na mkono wa mtu wenu. Maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayawezi kuifunika bidhaa ambayo siyo ile iliyotajwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Kwa hiyo naomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Kwanza, nirudishiwe shilingi 640,000, au nipewe diski mbili mpya za ukubwa ule ule, kwa sharti kwamba kumbukumbu zote mbili za saa zisomwe mbele yangu pale kaunta kabla sijaondoka. Pili, nipewe maelezo ya maandishi kuhusu mahali diski hizi zilikotoka. Tatu, na hili naliomba kwa ajili ya wengine, diski za aina hii zilizobaki kwenye shehena yenu zikaguliwe kabla ya kuuzwa, kwa kuwa najua shule na zahanati kadhaa za hapa jijini hununua vifaa kwenu, na si wote wenye mtu wa kuwasomea kumbukumbu ya FARM. Kazi hiyo haizidi dakika mbili kwa diski moja, na niko tayari kuja Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana kumwonyesha fundi wenu namna ya kuifanya, bila malipo.

Nisipopata jibu ndani ya muda huo, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.

Naambatisha nakala ya risiti ya EFD, nakala ya karatasi ya udhamini, na chapa ya majibu ya smartctl kwa diski zote mbili, moja ya tarehe 7 Desemba 2025 na nyingine ya tarehe 17 Januari 2026. Diski zenyewe ninazo nyumbani, sijazifuta wala kuzifungua, na nitazileta siku mtakayoniita.

Wenu,

Mteja wa risiti ya tarehe 6 Desemba 2025
Nyegezi, Mwanza