Tiketi ya Michigan, usikate kwanza

Iowa City, 12 Septemba 2022

Kaka Kasongo,

Habari za Dallas, habari za watoto, habari za hilo joto lenu. Huku tu wazima. Mama Mujinga analalamika goti, kazi ni ileile, usiku kwa usiku. Najua umeniandikia mara tatu tangu Jumamosi na sijajibu. Sikukasirika, kaka. Niliona haya tu.

Unataka kujua kama ukate tiketi ya tarehe 1 Oktoba, Hawkeyes wetu, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, na Michigan, hapa uwanja wa Kinnick. Wiki mbili zilizopita ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sasa subiri nikueleze.

Ile mechi ya kwanza na South Dakota State, watu wa daraja la chini, tulishinda 7-3. Wewe ukiwa mbali uliona 7 ukadhani ni tachidauni moja, yaani kuingia na mpira eneo la adui kwa pointi 6, na teke lake la pointi 1. Hapana! Ni teke la pointi 3, halafu ulinzi wetu ukamwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe mara mbili, pointi 2 na 2. Yaani mabeki wamefunga 4, washambuliaji 3. Umewahi kuona? Ni kama Kidiaba, kipa, awe ndiye mfungaji bora wa Mazembe.

Na anayeshangiliwa kuliko wote siku hizi ni Tory Taylor, yule Mwaustralia wa kupiga mpira mbali tukishindwa kusogea. Siku ile aliitwa mara 10. Chansi tatu, hakuna kitu, Taylor huyo. Anapiga vizuri, sikatai, mpira unatua pale pale pa kuwatesa wapinzani. Lakini timu ambayo shujaa wake ndiye mtu wa kurudisha mpira kwa adui...

Basi Jumamosi wakaja Iowa State, wapinzani wetu wa jimbo hili hili. Tulijazana kwa Mzee Bahati kama zamani, kasoro wewe. Mapema tu Van Ness, beki wetu, akazuia teke lao la kupiga mpira mbali, mpira ukawa wetu yadi 16 kutoka mstari wao, tukaingia, tachidauni. Petit akaketi sakafuni akaanza kurukaruka kwa makalio kama Kidiaba mpaka jirani wa chini akagonga dari. Kumbe sherehe yetu ya siku nzima ndiyo hiyo. Van Ness akazuia teke la pili, nalo halikuzaa pointi hata moja. Robo ya tatu ikielekea mwisho wale jamaa wakaanzia karibu kabisa na mstari wao, wakatembea yadi 99, michezo 21, karibu dakika 12, taratibu kama watu wanaokwenda sokoni. Ulinzi wetu ulikuwa hoi, na nani angeulaumu? Kila wakikaa wapumue, wanaitwa tena. 10-7, wao mbele. Mwishoni tukapata teke la yadi 48 la kusawazisha. Mzee Bahati alizima televisheni kabla mpira haujatua. Hakukosea mzee, teke lilikwenda nje.

Mara 6 mfululizo tulikuwa tumewafunga hao, Kasongo. Kazini kuna Msudani mmoja shabiki wao, tangu jana ananisalimia kwa upole mno. Heri angenicheka.

Watu wote wanamlilia Petras, mrusha mpira wetu, atolewe, aingie Padilla, wa akiba. Mimi naona wanamwonea. Mtu akipewa sufuria lililotoboka, utambadilisha mpishi mara ngapi? Mwaka jana kwa yadi za mashambulizi tulikuwa wa 121 kati ya timu 130, na mipango ya mashambulizi ni ya Brian, mtoto wa kocha. Kwenye karatasi bosi wake si baba, ni mkurugenzi wa michezo, wanasema hiyo ndiyo sheria. Sawa. Lakini kwetu Lubumbashi jambo kama hili lingeitiwa kikao cha familia. Kocha mwenyewe, Mzee Ferentz, namheshimu, yuko hapa tangu 1999, sisi wote tumemkuta. Ndiyo maana inauma kuisema.

Kwa hiyo Michigan. Unakumbuka Indianapolis Desemba iliyopita, walivyotufunga 42-3? Ulilala kwangu usiku ule, hukula hata ugali. Sitaki uendeshe gari kutoka Texas uje kuona hayo tena. Lakini umemwahidi Gloire kwamba robo ya kwanza ikiisha atageuka na uwanja mzima awapungie mkono watoto wagonjwa kule juu, kwenye hospitali iliyo kando ya uwanja, na hilo halitegemei Brian wala Petras. Ningekuwa wewe ningengoja. Jumamosi hii ni Nevada, hapa nyumbani, kisha tarehe 24 tunakwenda Rutgers. Tukifika Rutgers na bado hatujaweza kutembeza mpira hata kidogo, nitakupigia.

Au umeshakata? Nakujua wewe. Gloire anaingia bure au naye anahitaji tiketi? Mtakuja na mama yake? Mtalala kwetu au kwa Bahati, maana Petit anasema zamu hii ni yake? Na zile ndakala, dagaa wakavu, za duka la kwenu bado zinapatikana? Kama zipo niletee kilo mbili, hata kama mechi yenyewe hutakwenda.

Ilunga