Dada Mkubwa, kuhusu yule mzee wa saidika

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale ulipoanza kuniita Mzungu. Habari ya hela ya bati nimeelewa, tutafika huko. Kwanza nijibu lililokuuma, kwamba mazishi ya mzee wa watu nimeyajaza kwenye picha zangu ilhali kwa Baba Mdogo sikuonekana. Unajua fika wakati ule nilikuwa nasubiri karatasi. Na lile jeneza lililosifiwa na kila mtu, nani alilinunua? Haya, tuyaache.

Huyu mzee hakuwa na jina kubwa. Hakushinda mbio yoyote, wala sidhani kama aliwahi kushindana. Likizo zake zote zilikwisha kwenye mashindano ya saidika, zile pikipiki zenye ubao wa abiria pembeni, na hakulipwa hata senti. Timu nyingi za mchezo huu ni watu wa kawaida: mtu na mkewe, baba na binti, ndugu wawili. Wanatoka kazini Ijumaa, wanapakia chombo kwenye gari, wanasafiri usiku. Kikivunjika kitu hawana kampuni nyuma yao. Walikuwa na mzee. Saa sita za usiku unamkuta chini ya chombo cha watu, tochi mdomoni. Spana zake alimwazima yeyote, hata mpinzani wa timu aliyokuja nayo, lakini ole wako uirudishe na grisi. Mdomo alikuwa nao. Bibi angempenda.

Najua ile video mliyoiona mlidhani ni wendawazimu. Chombo kina magurudumu matatu. Dereva amepiga magoti mbele, abiria yuko kwenye ubao wa pembeni, hana kiti wala mkanda, ana vishikio tu. Kona ya kushoto anajitupa nje mpaka nyonga inakaribia lami, konda wa kwetu aliyening'inia mlangoni haoni ndani. Kona ya kulia anapanda kulilalia gurudumu la nyuma. Asipofanya hivyo, wanapinduka wote wawili. Mwaka 2023 Ben na Tom Birchall, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wa kwanza kuzunguka Kisiwa cha Man, kile kilicho kati ya Uingereza na Ayalandi, kwa saidika kwa wastani wa zaidi ya maili 120 kwa saa. Na ile ni barabara ya watu, Dada, ya kilomita 60, kuta za mawe huku na huku! Nguo za ngozi za abiria huliwa na lami. Viraka alikuwa akibandika mzee.

Ndiye aliyeniambia niache kukaa kwenye nyasi kutazama, kwa kuwa nina miguu mizima. Basi mdogo wako sasa ni mashali, msimamizi wa usalama kandokando ya barabara ya mbio. Nimepita mafunzo, nina kizibao cha rangi ya chungwa, na nilipangwa Governor's Bridge, ile kona kali karibu na mwisho. Mashali wote tunajitolea, na tusipotimia mbio hazianzi. Bingwa wa dunia anakaa juu ya pikipiki yake akisubiri sisi tufike. Mwambie Kaka hilo, yeye aliyetangaza kwamba huku nafagia tu.

Siku ya kumzika, jeneza lilibebwa kwenye saidika. Huku zipo pikipiki maalumu za kazi hiyo, zenye kioo pembeni. Walikuja hata wale wawili ambao hawakusalimiana tangu ugomvi wao wa injini, wakasimama mstari mmoja. Lakini hawa watu hawaimbi. Wanazika kimya, halafu wanakunywa chai na kucheka vituko vya marehemu, na vituko vya mzee havikuisha. Nilitamani mtu mmoja tu apige ukelele. Nilipofika chumbani nililia peke yangu, kilio cha kwetu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kazi ipo, afya ipo.

Sasa bati. Nitatuma mshahara ukitoka, na nitatuma kwako, si kwa Kaka. Ile saruji sijaisahau. Mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni msinitafute kwa michango. Nitakuwa kisiwani, na nauli ya meli nimeshalipa, hairudishwi. Jumapili mpe Mama simu mwenyewe, sitaki kuongea naye kupitia kwa mtu.

Mdogo wako